Jina la Mahali na Fumbo la Wimbo: Maoni Juu ya "Mwanza"

Wimbo uitwao "Mwanza", ulioimbwa na Rayvanny akishirikiana na Diamond Platnumz, ulitoka Novemba 2018, na kabla mwezi huo haujaisha Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, lilikwisha kuupiga marufuku kwa kuwa maneno yake yalihesabiwa kuwa kinyume cha maadili. Tangu hapo wimbo umezungumzwa sana na kuchunguzwa kidogo. Walioutetea waliutetea kwa sababu ya wenye kuuimba. Walioushutumu waliushutumu kwa sababu hiyohiyo. Lakini kwetu sisi tunaosoma fasihi liko swali linalotangulia hayo yote, nalo ni hili: fumbo lililomo katika wimbo huu ni fumbo jema au ni fumbo bovu? Mtu akiulizwa juu ya ushairi wa Muyaka hatosheki kujibu kwamba unapendwa au unachukiza. Sioni kwa nini wimbo wa vijana upimwe kwa mizani iliyo nyepesi zaidi.

Mwimbaji mwenyewe ni mtu wa Mbeya, aliyezaliwa mwaka 1993, na jina lake la ukoo, Mwakyusa, latosha kumwambia msomaji asili yake. Alijulikana nchini kwa wimbo "Kwetu" wa mwaka 2016, wimbo wa mapenzi wenye mwendo wa pole. Mwaka uliofuata alituzwa tuzo ya BET huko Marekani. Basi "Mwanza" haukuwa mchezo wa mtoto anayejaribu sauti. Ulikuwa kazi ya kijana aliyekwisha kupata masikio ya watu, tena akiwa pamoja na mwimbaji aliyekuwa maarufu kuliko wote katika nchi yetu.

Kiini cha ugomvi ni jina moja, Nyegezi. Nyegezi ni mahali, wala si mahali pa kubuniwa: ni kata katika jiji la Mwanza, yenye kituo kikubwa cha mabasi, na kwa miaka mingi wanafunzi wamekwenda huko kusomea uvuvi. Katika wimbo jina hilo lasikika tena na tena, na kila linaporudi sikio laachiwa silabi zake za mwanzo zibaki zikining'inia peke yake. Silabi hizo, zikikaa pasipo kiambatisho, ni neno la Kiswahili lenye kutaja hamu ya mwili. Sitaliandika hapa. Si kwamba ninaliogopa, bali msomaji analijua, na kuliandika kungeharibu hoja ninayotaka kuijenga, kama nitakavyoonyesha.

Mbinu hii si ngeni kwetu. Wajuzi wa tungo za pwani watakumbuka "Muhogo wa Jang'ombe", wimbo ambao marehemu Bi Kidude aliuimba mpaka uzeeni na ambao ulisifiwa kila alipokwenda. Huo nao umeshika mtaa wenye jina, Jang'ombe ya Unguja, ukauoanisha na kitu cha kawaida kabisa, muhogo, kisha ukamwachia msikilizaji afungue mlango mwenyewe akitaka. Lakini hebu tutazame tofauti. Muhogo ni chakula. Mtu aweza kuusikia wimbo ule wote akadhani yasemwa maneno ya chungu na ya shamba, naye atakuwa amesikia wimbo kamili. Maana ya nje yasimama kwa miguu yake. Maana ya ndani imo, lakini haimvuti mtu kwa nguvu. Ndiyo sababu bibi aweza kuuimba mbele ya mjukuu, na mjukuu akaupenda miaka ishirini kabla ya kuuelewa.

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini: liondoe lililofichwa, kisha utazame kilichobaki. Muyaka bin Haji alipotunga Mombasa, katika siku ambazo maneno ya wazi juu ya wakubwa yalikuwa na hatari, alihakikisha kwamba aliyekamatwa na shairi lake ameshika kitu kizima cha nje, kitu kinachoeleweka, na hivyo mtunzi anaweza kukisimamia mbele ya mtu yeyote. Nikiuweka wimbo wa "Mwanza" katika kipimo hicho, naona unapungua. Jina la jiji limetumiwa kwa ajili ya mlio wake. Mwanza yenye mawe yaliyopandana, yenye ziwa na sangara na vivuko, haikuitwa ifanye kazi. Imeitwa ili imlete Nyegezi, na Nyegezi ameitwa kwa ajili ya nusu ya jina lake. Ukiyatoa yaliyofichwa, wabaki na ngoma nzuri na jina la mji. Ngoma ni nzuri, nakiri, na sauti ya Rayvanny ina ulaini unaovutia hata pale maneno yanapokuwa membamba. Lakini fumbo lenyewe lina ganda tu.

Hata hivyo kusema kwamba fumbo ni jepesi si kusema kwamba lafaa kufungwa kwa amri. Hapa ndipo nisipokubaliana na Baraza, na sababu yangu si ya siasa, ni ya lugha. Baraza, ambalo lipo kwa sheria ya mwaka 1984, lilipotangaza kwamba jina la mahali limebeba maana chafu, lilisimama shahidi wa maana ile. Mtu wa kijijini aliyekuwa akisikia jina la mji sasa aliambiwa na chombo cha serikali asikie jambo jingine. Hapo kabla mzazi aliyepanda basi na watoto wake alikuwa na njia ya heshima: kutosikia. Tangazo liliiondoa njia hiyo.

Nitatoa mfano kutoka Nyanda za Juu Kusini. Huko Madibira, katika wilaya ya Mbarali, mpunga hunyweshwa kwa maji ya mto Ndembera, na wakati wa mavuno mashine za kukoboa huwa na watu wa kabila nyingi: Wahehe, Wabena, Wasangu, na pamoja nao Wasukuma, ambao wazee wao waliingia Usangu na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita. Niliusikia wimbo huu huko ukitoka katika redio ndogo iliyofungwa kwenye pikipiki. Vijana walitazamana wakacheka. Mzee mmoja Msukuma aliyekaa juu ya gunia hakucheka. Alisema tu kwamba Nyegezi ndiko anakoshukia basi kila aendapo kuzika jamaa zake. Hakuwa akijifanya. Kwake jina lile lilikwisha kujaa mambo mengine, mazishi na safari, hata hapakuwa na nafasi ya mzaha. Sasa nauliza: kati ya vijana wale na mzee yule, nani aliyeusikia wimbo sawasawa? Mwenye kuhukumu kwamba neno ni chafu amekwisha kuamua kuwa msikilizaji wa haki ni yule kijana.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba watu wa kwao mwimbaji wana elimu ya kale juu ya silabi zenye hatari, elimu ambayo ingeweza kuwafaa wote waliobishana. Katika Unyakyusa mke aliyeolewa, kwa desturi iitwayo ukutila, humstahi baba mkwe wake kwa kumwepuka. Na kumwepuka huko hakuishii katika mwili. Halitaji jina lake. Zaidi ya hayo, huyaepuka hata maneno mengine ambayo yamefanana kwa sauti na jina hilo, akatafuta maneno mbadala kwa vitu vya kila siku. Monica Wilson, aliyekaa huko na mumewe katika miaka ya 1930, ameandika habari za staha hiyo, na wanaisimu wa siku za karibu wameichunguza zaidi. Desturi inapungua sasa, lakini akili iliyomo ni kubwa: yakiri kwamba sauti hubeba maana hata isipokusudiwa, na kwamba neno lisilo na kosa laweza kuumiza kwa sababu ya jirani yake. Kwa kadiri hiyo Baraza lilikuwa na haki kusikia walichosikia. Sikio la Kinyakyusa lingesikia vivyo hivyo.

Lakini itazame desturi hiyo vizuri. Mkwe haikatazi nchi nzima kusema neno. Analiepuka yeye, mbele ya mtu fulani, kwa ajili ya udugu fulani. Dada yake aliyeolewa kwingine alitumia neno hilohilo bila aibu, kwa kuwa baba mkwe wake alikuwa mwingine. Staha ilikuwa na mahali pake. Na nyimbo za pwani zilikuwa na sheria kama hiyo: nyimbo za unyago, ambazo baadhi yake ni wazi kuliko chochote alichowahi kuimba Rayvanny, ziliimbwa ndani, na wanawake, mlango ukiwa umefungwa, wala hakuna aliyezihesabu kuwa uharibifu wa maadili. Zilikuwa ndiyo shule yenyewe ya maadili. Tatizo la "Mwanza" limo katika kukosekana kwa mlango. Simu na redio haziulizi nani yumo chumbani. Neno moja lafika kwa mwali, kwa shemeji, kwa mkwe na kwa mtoto wa darasa la pili kwa nukta ileile. (Si vibaya kukumbuka kwamba waziri aliyeshika dhamana ya sanaa mwaka ule, Dakta Harrison Mwakyembe, alikuwa mbunge wa Kyela, katikati ya Unyakyusa. Mwimbaji na mkubwa wa wizara walitoka katika nyanda zilezile.)

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapita upesi. Mwezi Desemba 2018, katika tamasha la Wasafi lililofanyika jijini Mwanza kwenyewe, waimbaji wawili hao waliuimba wimbo uliokatazwa, na umati ukaupokea. Baraza likawazuia kufanya maonyesho kwa muda usiotajwa mwisho. Wakaomba radhi, na mwezi Januari 2019 zuio likaondolewa. Ninachotaka kukitazama ni ule msamaha. Nguvu yote ya fumbo ni kwamba mtunzi aweza kujibu: mimi nimetaja mji. Akiomba radhi amelifungua mwenyewe. Siwalaumu, maana riziki ya watu wengi ilikuwa hatarini, wapiga ngoma na wachezaji na wachukuzi wa vyombo. Lakini kama ni fasihi, siku ile fumbo lilikufa mikononi mwa waliolitunga.

Remmy Ongala alipotoa "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuwahimiza watu wajikinge na ukimwi, Radio Tanzania haikukubali kuupiga. Baadaye ujumbe uleule ulitangazwa na serikali yenyewe kwa mabango ya barabarani. Wimbo wa Remmy ulikuwa na jambo la kusema, na soksi ilikuwa njia ya upole ya kulisema. Alichukua neno la kawaida akalifanya litukinge na aibu ili tupate kukingwa na kifo. Rayvanny alikwenda kwa njia ya kinyume, akachukua jina la kawaida akalifanya lituletee aibu ili tucheke. Kucheka nako ni haki ya watu. Lakini tusiwaweke hao wawili katika safu moja kwa kuwa wote walikatazwa.

Na tusidhani kuwa neno lina maana moja katika Afrika Mashariki yote. Mwaka uleule wa 2018, mwezi Septemba, waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alijaribu kulizuia tamasha la muziki la Jinja liitwalo Nyege Nyege, kisha likaruhusiwa. Waandaaji wake hueleza kwamba kwa Kiganda jina hilo ni hamu ya ghafla ya kucheza ngoma. Msemaji wa Kiswahili anaposoma bango la tamasha lile hushtuka. Mganda haoni cha kushtukia.

Kwa upande wa Kenya, bodi ya kuainisha filamu ilisema katikati ya mwaka 2019 kwamba wimbo mwingine wa Rayvanny na Diamond, "Tetema", uchezwe katika baa na vilabu tu, usisikike kwingineko. Nadhani wimbo ulichaguliwa vibaya, kwa maana kutetema ni kutetemeka, na "Tetema" haufichi kitu ambacho mwili wa mchezaji haukionyeshi wazi. Lakini kanuni yenyewe, kwamba wimbo upewe mahali pake badala ya kunyimwa uhai, yakaribiana na hekima ya mlango wa unyago kuliko ilivyofanywa kwetu. Laiti kanuni ile ingeupata wimbo ulioihitaji.

"Tetema" ndio ulioendelea kuishi. Mwezi Novemba 2021 Rayvanny aliupeleka Budapest, akauimba pamoja na Maluma wa Kolombia katika sherehe ya tuzo za MTV za Ulaya, mbele ya watu ambao hawakujua neno hata moja la Kiswahili. Hapo hapakuwa na wa kukwazwa wala wa kutazamana na mwenzake. Palikuwa na mlio mtupu, na mlio ule, pasipo msaada wa jina la mahali popote, ulijitosheleza.