Ni Nani Waliowakata Nywele?

Tumesoma kitabu kidogo cha watoto kilichotoka Kanada mwaka 2016. Jina lake ni When We Were Alone, maana yake «Tulipokuwa peke yetu». Aliyekiandika ni David A. Robertson, aliyekichora ni Julie Flett; wote wawili wana asili ya watu wa Cree, wenyeji wa nchi ile. Mwaka 2017 kilipata zawadi ya Gavana Mkuu wa Kanada. Tunataka kueleza uzuri wake, na pia upungufu wake, kwa maana upungufu huo unatuhusu sisi Wakatoliki.

Habari yenyewe ni nyepesi. Mtoto wa kike anamsaidia bibi yake bustanini. Anamwuliza: kwa nini unavaa nguo za rangi nyingi? Kwa nini nywele zako ni ndefu? Kwa nini unasema lugha ya Cree? Kwa nini unapenda kukaa na ndugu yako? Bibi anajibu kila swali kwa upole. Alipokuwa mdogo alipelekwa shule ya mbali. Huko walivikwa nguo za namna moja, walikatwa nywele, walikatazwa lugha yao, na ndugu walitengwa. Lakini watoto walipokuwa peke yao, walijipamba kwa majani ya rangi, walisuka nyasi ndefu katika nywele zao, walinong'ona maneno ya kwao, walishikana mikono.

Huo ndio uzuri wa kitabu. Hakimtishi mtoto kwa mambo yasiyomfaa mwenye miaka sita, wala hakimdanganyi. Tena hakiwaonyeshi watoto wale kuwa watu wa kuhurumiwa tu. Kinaonyesha kwamba walijua thamani yao, hata wakubwa walipowaambia hawana.

Basi upungufu ni nini? Bibi anasema kwamba watu wa shule walifanya hivi na vile. Hao watu hawatajwi. Mtoto mdogo ataridhika. Lakini mwenye miaka kumi atainua kichwa na kuuliza: ni nani waliowakata nywele? Hapo kitabu kinanyamaza, na mzazi au katekista ndiye atakayejibu. Je, atajibu nini?

Ajibu ukweli. Tangu miaka ya 1880 hadi miaka ya 1990, watoto wapata 150,000 wa wenyeji wa Kanada walitiwa katika shule za bweni za namna hiyo. Serikali ndiyo iliyozianzisha na kuzilipia. Sheria ya mwaka 1920 iliipa nguvu ya kuwalazimisha wazazi. Lakini walioziongoza kila siku walikuwa watu wa makanisa, na zaidi ya nusu ya shule hizo zilikuwa mikononi mwa Wakatoliki. Walioshika mkasi walikuwa pia mapadri, mabruda na masista wetu. Tena kitabu kinamalizika kwa furaha, bibi yupo nyumbani na ndugu yake. Wengi hawakurudi. Majina ya watoto zaidi ya 4,000 waliokufa yameandikwa.

Wengine watasema: mambo haya yatawapotezea watoto imani. Sisi hatuoni hivyo. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua. Mtoto akijifunza kwa wengine yale tuliyomficha, ataacha kutuamini hata tunapomfundisha Injili. Tena tunamfundisha nini juu ya Sakramenti ya Kitubio? Kujichunguza, kujuta, kuungama, kutengeneza kilichoharibika. Njia hii haikuwekwa kwa ajili ya mtoto aliyeiba sukari tu.

Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Kanada ilifanya kazi tangu 2008 hadi 2015, ikatoa maombi 94. Moja liliwataka wakubwa wa nchi wafundishe habari hizi shuleni, kila mtoto kwa kadiri ya umri wake. Jingine lilimtaka Baba Mtakatifu aombe radhi. Tarehe 25 Julai 2022, Papa Fransisko alisimama Maskwacis, mbele ya wazee waliosoma shule hizo, akaomba msamaha. Alisema kwamba kuomba msamaha ni hatua ya kwanza tu, siyo mwisho.

Msomaji wa Kongo asidhani ni habari za wageni. Wakati wa Wabelgiji, watoto waliozaliwa na baba mzungu na mama Mkongo walinyang'anywa mama zao na kupelekwa misioni. Wanawake watano kati ya hao walishitaki, na tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Bruxelles ilihukumu kwamba serikali ya Ubelgiji ilitenda jinai dhidi ya ubinadamu. Wengine wao bado wako hai.

Kwa hiyo, wazazi na makatekista wenzetu, kitabu hiki kinafaa kusomwa pamoja na watoto. Tusiwabebeshe hatia ambayo si yao, wala tusiwaamuru walioumizwa wasahau upesi. Lakini mtoto akiuliza, «Ni nani?», tusitazame kando. Tumjibu: «Wengine walikuwa watu wetu.» Ndipo neno upatanisho litakuwa na maana kinywani mwetu.