Dumu la Petroli Hukaguliwa Kwanza Kifuniko

Barabara ya Musoma, pale Nyakato jijini Mwanza, madumu ya njano ya lita 20 hupita kila siku juu ya bodaboda. Yalitengenezwa kubeba mafuta ya kula. Sasa mengine yana petroli ya mashine za mitumbwi inayokwenda visiwa vya Ukerewe na Kome na kambi za wavuvi wa Ziwa Victoria. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, inakataza kuuza petroli kwenye vidumu na chupa, na ina sababu. Lakini mtumbwi hauwezi kusogezwa hadi kwenye pampu, kwa hiyo swali la chombo lazima lijibiwe.

Wanunuzi wengi hubonyeza ubavu wa dumu kupima unene wa plastiki. Mimi ningeanza na kifuniko. Mafuta ya kula hayatoi mvuke wa kuwaka katika joto letu la kawaida. Mafuta ya taa huanza kuutoa kwenye takriban nyuzi 38. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kifuniko cha dumu la njano kiliwekwa kuzuia mafuta yasimwagike. Hakikukusudiwa kuzuia mvuke wenye msukumo. Lita 20 zilizojazwa alfajiri, joto lake likipanda nyuzi 20 kwa jua la mchana, huongezeka karibu lita 0.4. Msukumo wa mvuke nao hukaribia kuwa maradufu. Kama dumu lilijazwa mpaka shingoni, litavimba na kifuniko kitaanza kuvujisha.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4. Unatambaa na kutulia chini ndani ya mtumbwi, palepale yanapokusanyika maji ya kukumbwa. Hewa ikiwa na asilimia 1.4 tu ya mvuke wa petroli, cheche ya kuwashia mashine inatosha kuilipua.

Wajerumani walilishughulikia tatizo hili mwaka 1937, katika kiwanda cha Müller mjini Schwelm, kwa chombo kilichosanifiwa na mhandisi Vinzenz Grünvogel. Kilikuwa cha chuma, lita 20, chenye vipande viwili tu vilivyochomelewa pamoja. Mshono ulizamishwa ndani ya mfereji ili usigongwe. Kifuniko hakizungushwi: hufungwa kwa wenzo unaokandamiza mpira wa kuzibia, na mdomoni mna kijibomba cha kuingizia hewa ili petroli imiminike bila kurukaruka. Chini ya vishikio huachwa nafasi ya hewa. Nafasi hiyo inapokea ongezeko la petroli wakati wa joto, tena inakifanya chombo kielee majini kikiwa kimejaa. Mtu wa ziwani aone thamani ya hilo.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Uingereza lilikuwa likisafirisha petroli jangwani Afrika Kaskazini kwa debe la galoni 4, ndugu wa debe tunalopimia mahindi. Bati lake lilikuwa jembamba, mishono ikaachia njiani, na petroli nyingi ikapotea kabla ya kufika kwenye magari. Waingereza waliishia kuiga chombo cha adui yao.

Leo, chombo kilichopimwa kwa ajili ya petroli huwa na alama ya Umoja wa Mataifa iliyogongwa au kuchorwa mwilini. Tafuta 3A1 kwa chuma au 3H1 kwa plastiki, ikifuatwa na herufi X au Y. Chenye Z kiache. Hakikupimwa kwa kimiminika cha hatari ya kiwango cha petroli. Cha plastiki angalia pia tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu muda wake wa kusafirisha mafuta ni miaka 5. Chombo cha chuma kikiwa kitupu kina uzito wa karibu kilo 4, na petroli ya lita 20 ni kama kilo 15, mbebaji ajue.

Unapojaza, shusha chombo chini kwenye ardhi, usijaze kikiwa juu ya pikipiki, na mdomo wa pampu uguse mdomo wa chombo ili umeme tuli usiruke kama cheche. Acha nafasi juu. Kiandike PETROLI kwa herufi kubwa, hasa kwenye kambi za dagaa ambako bado kuna karabai za mafuta ya taa: petroli ikiingia kwenye karabai, taa hiyo inaweza kulipuka mkononi mwa mtu.

Nina ombi kwa mafundi wa kuchomelea wa Nyakato. Chombo cha petroli kilichovuja kikiletwa kuzibwa, kikataeni, hata mwenyewe akiapa kuwa ni kitupu. Kilichojaa kikafungwa huwa na mvuke mwingi mno na hewa kidogo, hivyo ndani hakiwaki kirahisi. Kilichomwagwa kikabaki wazi ndicho chenye mchanganyiko wa kulipuka, na mabaki machache ya petroli yanatosha kuufanya.