Inchi Tatu za Pindo

Dukani kitambaa kiliitwa yadi 12, vipande viwili vya sita sita. Mama mkwe alikipima kwa mkono, kutoka puani hadi ncha ya vidole, akasema ni 11 na kasoro. Akachukua futi, akapima upya. Ni 11 na kasoro. Hakunilaumu mimi niliyekinunua. Alikitumbukiza kwenye beseni la maji akakiacha humo mpaka asubuhi. Kitenge kipya kina wanga mwingi na hurudi kikifuliwa, na kwake ni heri kirudi kikiwa kwenye beseni kuliko kirudi kikiwa mgongoni mwa mtoto.

Wajukuu ni wanane. Mkubwa ana miaka 11, mdogo miwili na nusu. Walikuwa waje Kiambere kula Krismasi, kutoka Nairobi, Embu na Mwingi, kisha tarehe 27 sote tupande matatu ya kukodi twende Two Rivers, kule barabara ya Limuru, mahali palipofunguliwa 2017 penye lile gurudumu kubwa linalopandisha watu angani. Watoto walikuwa wakilitaja gurudumu tangu Agosti. Nyanya yao, ambaye hana haja ya kupandishwa popote, aliuliza swali moja: kutakuwa na watu wengi? Akajibiwa, wengi mno.

"Basi watavaa kitambaa kimoja," akasema.

Nilidhani anawaza picha. Alikuwa anawaza kuhesabu. Anayechunga watoto wanane katika umati hana muda wa kutazama nyuso. Anatafuta rangi moja mara nane. Ndiyo maana akakataa kitenge cha kwanza nilichompelekea kwenye simu, cha kahawia na kijani, kizuri kweli. Alisema Desemba nusu ya Nairobi itakuwa imevaa hicho. Tukachukua buluu yenye mbayuwayu wa rangi ya chungwa, ambayo mimi ningeipita dukani bila kugeuka.

Kiambere ni Mbeere ya chini, kwenye joto, nchi ya migunga, mikau, ndengu na muguka. Mto Tana unapita hapo, na bwawa la Kiambere ndilo la mwisho katika yale matano ya Seven Forks, baada ya Masinga, Kamburu, Gitaru na Kindaruma. Limekuwa likizalisha umeme tangu 1988, na nyaya nene zinapita juu ya mashamba zikiupeleka mbali. Chini yake, kwenye veranda ya mabati, Mama anashona kwa miguu. Mwanawe, ambaye ni mume wangu, aliwahi kumletea mota ya kufunga kwenye cherehani. Ipo kabatini, ndani ya boksi lake. "Mota haijui kona," alisema, na hilo sikulielewa mpaka nilipoketi naye siku nne nzima nikimshikia pini.

Lakini kabla ya kona kulikuwa na vipimo. Watoto sita kati ya wanane hawakuwapo. Mimi nilijitolea kuwapigia simu wazazi wao wawapime, na vipimo vilivyokuja ndivyo vilivyomfanya acheke mpaka akavua miwani: mmoja alipima kwa inchi, mwingine kwa sentimita bila kusema, wa tatu alimpima mtoto akiwa na sweta. Mama akatoa agizo lingine. Kila mzazi alete nguo moja kuukuu ya mtoto wake, na iwe ile iliyoanza kumbana. Zikafika kwa matatu ndani ya mfuko mmoja wa sukari, na siku hiyo hakushona kitu. Alizigeuza nje ndani, moja moja, akazisoma.

Sina neno jingine la kuita alichokuwa akifanya. Mshono wa kwapa uliotatuka kidogo ulimwonyesha kwamba kifua kimepanuka kabla ya mikono kurefuka. Shati lililopauka kiwiko kimoja tu lilikuwa la mtoto anayelalia mkono darasani. Kaptura iliyochanika katikati haikuwa imembana mwenyewe kiunoni hata kidogo. Mwenyewe ni mpanda miti. Futi ingempa namba ya mwili uliosimama wima, mikono chini, pumzi imeshikwa. Nguo iliyombana mtoto imeandikwa mahali pote alipojaribu kwenda ikamzuia. Kwenye rinda la binti yangu, ambaye kwa desturi ya huku amepewa jina la nyanya yake, alisimama muda mrefu. Akapitisha kidole begani. "Wajina wangu ana bega la kushoto lililoshuka," akasema. "Kama langu." Miaka saba nimemvalisha mtoto huyo kila asubuhi na sikuwa nimeliona.

Karatasi za kukatia alizikata kutoka mifuko ya simiti, ile karatasi ya ndani isiyoguswa na vumbi, ngumu na tulivu. Kisha akatandaza kitenge kwenye mkeka uani, kimeshakauka na kupigwa pasi ya makaa, na hapo ndipo upungufu wa kile kitambaa ulipoanza kuuma. Mbayuwayu wote wanaruka kuelekea upande mmoja. Kitambaa cha maua au cha vitone unaweza kukigeuza kichwa chini kubana nafasi, na hakuna atakayejua. Ndege hawageuziki. Ukikata mgongo wa shati kinyume, mtoto anatembea na kundi la ndege wanaoanguka. Kwa hiyo vipande vyote, vidogo na vikubwa, ilibidi vitazame juu, na kitambaa chenyewe ni pungufu.

Alipanga karatasi, akazitoa, akazipanga tena. Aliweka kubwa kwanza, migongo na vifua vya wakubwa, kisha akazipachika ndogo kwenye mabonde yaliyobaki: kola ya mmoja ndani ya mpindo wa kwapa la mwingine, mfuko kwenye pembe. Hakugusa mkasi asubuhi yote. Mimi nilikwenda kuteleka kunde, nikarudi, nikamkuta amekaa palepale na chaki sikioni. Mchana akaamua kwamba mikono ya mashati mawili itaunganishwa kwa vipande viwili, na kiungo kitapita tumboni mwa ndege, sawasawa, bawa likutane na bawa. Ukilitazama shati hilo leo huuoni mshono mpaka ukunje mkono. Angeweza kunituma dukani nikanunue yadi nyingine moja. Nafikiri wazo hilo halikumfikia, na kama lilimfikia aliliona kuwa la watu wavivu.

Cherehani yake ni Singer nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika pale tu mkono unapopita. Aliinunua kwa pesa za pamba, wakati Mbeere ikilima pamba na pamba ikilipa. Miaka ya 1990 mitumba ilijaa masokoni, viwanda vingi vya nguo vikafunga, pamba ikaachwa. Cherehani haikuachwa. Uzuri wa mashine hii ni kwamba haikufichi kitu. Sindano yake ina tundu karibu na ncha, wazo ambalo Elias Howe alilipatia hataza Marekani mwaka 1846, miaka mitano kabla ya Isaac Singer kupata hataza ya mashine yake. Sindano hushuka na uzi wa juu, na ikianza kupanda uzi huo huacha kitanzi kidogo chini. Bobini hupita ndani ya kitanzi hicho na uzi wake, na nyuzi mbili hukabana katikati ya kitambaa. Uzi wa juu ukikazwa mno, vifundo hujitokeza juu. Ukilegea, hujitokeza chini. Kabla ya kila nguo Mama hushona mstari mmoja kwenye kipande cha kitambaa kilekile, akakivuta mshazari mpaka uzi ukatike, kisha akaangalia ni upi uliotangulia kukatika. Huo ndio uliokazwa. Anageuza skrubu robo mzunguko, anajaribu tena.

Na kona. Kichwa cha mkono wa shati, ile sehemu inayopanda begani, huwa kirefu kidogo kuliko tundu linaloupokea. Lazima kiingie chote bila kufanya mkunjo hata mmoja. Alikipiga bandi kwa mkono kwanza, akauvuta uzi kitambaa kikajikusanya kama kope, akakinyoosha kwa kidole gumba mpaka ziada ikamezwa. Halafu akashona huku nyayo zikisukuma kanyagio pole, tiki, tiki, mshono mmoja mmoja, kwenye sehemu kali zaidi akilizungusha gurudumu kwa mkono. Mota ingekuwa imeshafika upande wa pili. Kwa watoto kichwa hicho hukikata kifupi na bapa kuliko cha mtu mzima, kwa kuwa mtu mzima huinua mikono mara chache kwa siku na mtoto hushinda ameinua.

Mimi ni mtu wa Pwani. Marehemu babu yangu alivaa kanzu iliyoshonwa kwa mkono, yenye taharizi ubavuni na kikwapa chini ya mkono, na nilikua nikidhani vipande hivyo ni mapambo. Sasa hapa Mbeere, mbali na bahari, nikamwona mwanamke asiyewahi kuishona kanzu akikata kipande cha umbo la kashata na kukipachika katikati ya kaptura ya yule mpanda miti, pale miguu inapoachana. Kaptura zote za wavulana zilitoka kwenye masalio ya drili ya sare za shule, rangi ya kaki, maana kitenge hakikutosha. Nikamweleza kuhusu kikwapa cha babu. Akauliza kilikatwa kwa upande gani wa uzi. Sikujua. Akaonekana kusikitika kidogo, kama mtu aliyesikia habari ya jamaa bila kuambiwa anakoishi.

Hana ovaloki. Ncha za ndani, ambazo mafundi wa sokoni huzipitisha kwenye ovaloki kwa sekunde chache, yeye huzizika: anashona vipande vikitazamana mgongo kwa mgongo, anapunguza ncha, anageuza, anashona tena ncha zikiwa zimefungwa ndani. Ni kazi mara mbili kwa kila mshono, kwa nguo nane. Ndani ya rinda la binti yangu ni nadhifu kuliko nje ya nguo nyingi nilizowahi kununua. Vifungo alivishona na kijiti cha kiberiti kikiwa kati ya kifungo na kitambaa, akakichomoa mwishoni, akauzungusha uzi kwenye nafasi iliyobaki kuwa shingo. Kifungo bila shingo humlazimisha mtoto kuita mtu mzima. Lastiki za kiuno hakuzipima hata moja. Alizivuta, akaingiza vidole viwili, akakata.

Niseme ukweli kuhusu gharama, maana watu hupenda kusifu nguo za kushona nyumbani kwamba ni rahisi. Si rahisi. Kwa bei ya kitenge, uzi, lastiki na vifungo ningewavalisha wanane wale kwa mitumba ya gulio na chenji ikabaki ya soda. Nilipomwambia hivyo alikubali bila ubishi, akaendelea kushona.

Usiku wa mwisho aliniomba namba za simu za mama wa kila mtoto. Kwa uzi mwekundu na sindano ya mkono, mwanga wa taa ukiwa begani, alizishona ndani ya mifuko, kila mtoto na ya mama yake, upande usioonekana. Namba 8, tarakimu 80. Nilimwambia mkubwa ameshaikariri ya mama yake. Akasema aliyepotea hana kichwa. Yule wa miaka miwili na nusu, ambaye mfuko wake una upana wa kiganja, namba yake ilibidi ivunjwe mistari mitatu.

Tarehe 27 tulipita Kiritiri alfajiri, Embu kukicha, mashamba ya mpunga ya Mwea watoto wakiwa wamelala wanne wanne wamelaliana. Wa mbele hakujulikana na wa nyuma, buluu tupu. Mama alibaki nyumbani. Hakuna aliyepotea, na zile namba hazikusomwa na mtu. Kutoka chini ya gurudumu niliwahesabu bila shida wakati wakipanda, na wakati wakishuka niliwahesabu tena. Kaptura ya mpanda miti ilistahimili siku nzima.

Pasaka aliagiza nguo zirudi Kiambere. Nilizifua, nikazikunja vizuri, nikiona fahari kwamba zimetunzwa. Alizigeuza zote nje ndani kwanza, akazitazama makwapa na viuno, akiweka alama ya chaki hapa na pale, kisha akalichukua rinda la wajina wake na kufumua pindo. Nilikuwa sijui alikuwa ameacha inchi tatu ndani, na nyingine moja kwenye mkunjo wa kiuno uliofichwa chini ya mshipi. Alifumua uzi kwa ncha ya wembe, akashusha nusu ya pindo, akalipiga pasi. Pale kitambaa kilipokuwa kimefichwa jua, buluu ilikuwa bado ile ya dukani, utepe mzito wa upana wa vidole viwili kuzunguka rinda zima, na ndani yake mbayuwayu wapya, waliokatwa nusu na mstari wa zamani.

Akamwita binti yangu aje alijaribu. Alikuwa juu ya mwembe na yule wa kaptura.