Nafuu ya Mkono

Tuliokulia Mpale tukilinda mahindi tulipata upinde kabla ya viatu. Ulikuwa ufito mbichi, uzi wa katani ambao huku Korogwe haujawahi kuwa wa kutafutwa, na mishale ya matete. Nyani hawakutuogopa hata kidogo. Kosa letu lilikuwa moja, tena la kila siku: tulivuta mapema. Nyani yuko bado nyuma ya mti, sisi tumeshavuta mpaka shavuni, tunangoja ajitokeze. Akijitokeza, mkono umeshaanza kutetemeka, na mshale unaishia kwenye mabua.

"Mjomba," aliniambia siku moja kaka yake mama, akiniita vile vile ninavyomwita mimi, "upinde hauvutwi ili ungoje. Ngoja kwanza, halafu uvute."

Miaka mingi baadaye nilishika upinde wa roda, ule wa kisasa wenye magurudumu kwenye ncha za mabawa yake, na jambo la kwanza lililonijia ni kwamba kuna mtu aliyekataa kauli ya mjomba. Mtu huyo ni Holless Wilbur Allen, wa jimbo la Missouri nchini Marekani. Aliomba hataza ya upinde wake mwaka 1966, akaipata 1969. Alichokitafuta ni kile tulichokitaka sisi shambani: kuvuta, kisha kungoja.

Upinde wa mti ni mkaidi. Kadiri unavyouvuta ndivyo unavyokukatalia, na sentimita ya mwisho ni nzito kuliko zote zilizotangulia. Hapo hapo kwenye uzito mkubwa ndipo unapotakiwa utulie, upumue, ulenge. Allen aliugeuza mpangilio huo kwa tundu tu. Roda ya jahazi la Pangani hutobolewa katikati, kwa sababu baharia anayepandisha foromali anataka uzito ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Roda ya Allen ilitobolewa pembeni. Ikizunguka, upande wa upote unakuwa mrefu na upande wa kamba inayokunja mabawa unakuwa mfupi, mithili ya mtu anayebadilisha mtaimbo mfupi kwa mrefu katikati ya kazi. Uzito unapanda haraka, unakaa juu kwa muda, kisha karibu na mwisho unaporomoka. Mkono unapata nafuu.

Nafuu hiyo hupimwa kwa asilimia. Upinde wa kilo 32 wenye nafuu ya asilimia 80 unakudai kilo 32 njiani, lakini ukifika mwisho unashikilia kilo 6 na ushei. Mtu anaweza kusimama hivyo huku pofu au swala akizunguka kichaka, akala jani, akageuka. Na nguvu ya mshale haipotei, kwa kuwa upinde huhifadhi jumla ya kazi yote ya kuvuta, si uzito wa pale mwisho tu. Ukiachia, safari inarudi kinyumenyume: mshale unasukumwa kwa upole kwanza, halafu roda zinarudi kwenye uzito wa juu na kuutupa kwa nguvu zote. Mimi napenda sana upole ule wa mwanzo. Ufito wa mshale ukigongwa ghafla hujipinda kama nyoka. Ukisukumwa taratibu kwanza, unapata nafasi ya kujinyoosha.

Kwa hiyo mtu angedhani nafuu kubwa zaidi ndiyo bora. Wauzaji wanafika hadi asilimia 90. Lakini mkono usiodaiwa kitu hulala. Upote usiokazwa vizuri unafuata kila kasoro ya kiganja: ukishika mpini kwa kuupotosha kidogo tu, mshale nao unapotoka. Mlengaji anasahau kuendelea kuvuta, upote unateleza mbele kidogo, roda zinashtuka na kutaka kuondoka nao. Ndiyo maana wapo wawindaji wazoefu wanaorudi kwenye asilimia 75, hata 65, ili mgongo uendelee kujua kwamba una kazi. Mimi ningekuwa upande wao. Na kwenye uzito wa kuvuta kuna kipimo ambacho hakihitaji mzani: kaa kwenye kigoda, nyoosha upinde mbele yako, vuta taratibu. Ukilazimika kuuinua angani ndipo uweze kuvuta, huo si wako, na mnyama atakuona kabla hujamaliza.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitegemea. Upinde wa roda hauazimwi. Nafuu yake inaangukia mahali pamoja tu, na mahali hapo hupimwa kwa urefu wa mkono wa mwenyewe. Mfupi kuliko mwenyewe akiuazima hafiki kwenye bonde la nafuu. Mrefu kuliko mwenyewe anagonga ukuta kabla hajafungua kifua. Ule wetu wa ufito tulikuwa tunapokezana watoto watano.

Sasa tutoke Missouri, tuende kwenye Ziwa Eyasi. Wahadzabe wa Yaeda na Eyasi, katika wilaya za Mbulu na Karatu, ni kati ya watu wachache nchini ambao upinde kwao bado ni chombo cha kupatia chakula. Watafiti waliopima pinde zao walikuta wastani wa kilo 31 hivi. Ukiuangalia uzito huo, ni kama ule wa pinde nyingi za kiwandani za kuwindia. Tofauti ni kwamba Mhadzabe hapewi nafuu hata ya gramu. Kilo zote 31 ziko mkononi mwake mpaka mwisho, kwa hiyo hazishikilii. Upote ukifika, umeshaondoka. Kulenga kumefanyika mapema, wakati anamwendea mnyama kwa kunyata, au usiku wa kiangazi alipokaa kimya karibu na maji, upote ukiwa umelegea mkononi.

Uteuzi wa vifaa nao upo, wa makini kuliko duka lolote. Mshale wa ndege ni wa mti mtupu. Wa mnyama mkubwa una chembe ya chuma, mara nyingi msumari uliofuliwa ukawa bapa, na shingoni una sumu nyeusi iliyopikwa kutokana na utomvu wa ule mmea ambao mijini unauzwa kwenye vyungu kwa jina la waridi la jangwani, au kutokana na mbegu za mmea uitwao Strophanthus. Na wano ukiwa umepinda, mwenyewe huupasha kwenye moto kisha huunyoosha kwa meno, akiutazama kwa jicho moja kutoka nyuma hadi ncha, anauma tena, anautazama tena. Mzungu hununua mshale wa kaboni ulionyooshwa na mashine. Meno yana faida kwamba yanajua kosa liko wapi.

   

Kule ng'ambo ya Mkomazi, upande wa Tsavo, watu wa jamii ya Wawaata walikwenda mbali zaidi ya Wahadzabe. Wao waliwinda tembo, na baadhi ya pinde zao zilipita kilo 45. Sumu waliizungushia kipande chembamba cha ngozi ili isikauke na isiwaguse wenyewe. Utamaduni huo ulivunjwa na msako wa askari wa wanyamapori wa Kenya mwaka 1956 na 1957. Siku hizi hata kwetu Korogwe na Handeni huwezi kuingia porini kuwinda kwa upinde kwa sababu tu uliurithi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inataka leseni.

Asiye na sumu hutegemea wembe wa mshale kukata, na ukimya. Mshale wa upinde wa roda ukitoka kwa mita 85 kwa sekunde, huchukua zaidi ya theluthi ya sekunde kufika mita 30. Mlio wa upote unafika kabla, chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Swala akiusikia huinama ili aruke, na mshale unapita juu ya mgongo. Hapo roda haina msaada. Wanaojua huchagua mshale mzito unaotuliza mlio, na wanasogea karibu zaidi.

Upinde wa mjomba bado uko nyumbani, juu ya mlango wa jikoni, mweusi kwa moshi. Upote wake umefunguliwa upande mmoja, kwa sababu mti unaoachwa umepindwa huchoka. Ule wa roda haufunguliwi. Uko kwenye sanduku lake umekazwa usiku na mchana, na bila mashine maalumu hutaweza kuubadilishia kamba.