Kuchoka Kupi?

Vijana wa mjini Unguja siku hizi wana neno moja. Aliyeshusha magunia Malindi kachoka, aliyefiwa kachoka, aliyekesha na simu kachoka, na mvivu naye kachoka.

Yupo bibi mmoja Ng'ambo, mkandaji, asiyelikubali neno hilo. Nilikuwepo kijana alipomwamkia, akajinyoosha mkekani na kusema kachoka. "Kuchoka kupi, mwanangu?" Kijana akacheka. Bibi hakucheka, wala hakuifungua chupa ya mafuta ya makonyo. Kama ni mavune, yale maumivu ya viungo vilivyotumwa kupita kiasi, kiganja chake huzama begani na kushuka na mgongo, kikiufuata mzigo ulikopita. Kama mtu kanyong'onyea, mwili umekatika nguvu kwa homa au kwa habari mbaya, hambonyezi hata kidogo. Humpaka polepole huku akimdadisi kala nini, kalala vipi, kagombana na nani. Aliye hoi bin taabani hampokei. Huyo wa Mnazi Mmoja, hospitali. (Nalipenda sana hilo "bin". Kuna mtu zamani alikaa akaona kuwa Hoi ana baba, na babake ni Taabani.)

"Na zohali, yaani uvivu, je, bibi?" nikamuuliza.

"Hiyo haina mafuta," akajibu, macho kwa kijana.

Maneno haya hayakuokotwa. Edward Steere, kabla hajawa askofu, alikaa hapa Unguja akisikiliza watu, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha Kiswahili cha Zanzibar. Mwaka 1928 kikao cha lugha kilichofanyika Mombasa kikakichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo mavune yamo kamusini, yamehifadhiwa vizuri, na waliozaliwa Mchangani na Kikwajuni hawayajui. Mnyonge angalau anatajwa bado, ila kahamia siasani: kwa bibi ni mtu aliyepungukiwa nguvu, majukwaani ni maskini wa kutetewa, na Rais Magufuli alipenda kujiita rais wa wanyonge.

Bibi hana mwanafunzi. Binti zake wanaona kukanda ni kazi ya kizamani, na mikono yake mwenyewe imeanza kutetemeka. Mafuta hayajakosa soko, lakini. Darajani yanauzwa kwenye vichupa vya plastiki, vimebandikwa karatasi: "Kwa uchovu wa aina zote."