Mbwa Anayelala na Mbuzi

Tangu 1994, Cheetah Conservation Fund, shirika lililoanzishwa na Laurie Marker karibu na Otjiwarongo nchini Namibia, limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa mbegu ya Anatolia na Kangal, wenye asili ya Uturuki. Dume la mbegu hiyo hufikisha kilo 50 na zaidi. Duma wengi wa Namibia wanaishi kwenye ardhi ya wafugaji, nje ya hifadhi, na mfugaji asiyepoteza mbuzi hana haja ya kubeba bunduki. Katika utafiti wa Marker na wenzake uliochapishwa 2005, asilimia 73 ya wafugaji waliojibu walisema hasara imepungua sana. Ajabu ni kwamba mbwa hao hawafundishwi amri ya kulinda.

Kazi yote imo katika umri. Kati ya wiki ya 3 na karibu ya 14 mtoto wa mbwa hujifunza nani ni jamaa zake, na dirisha hilo likishafungwa ni vigumu kulifungua tena. Kwa hiyo watoto hukuzwa kwenye harufu ya mbuzi tangu mwanzo, na wakifikisha wiki 8 hivi hukabidhiwa kwa mfugaji, naye huwapeleka zizini, si barazani. Mfugaji humshika mtoto kila siku, amzoee vya kutosha kukubali kuogeshwa dawa ya kupe na kuchomwa sindano. Basi. Watoto wa nyumbani wakimfanya wa kuchezea, atawafuata wao mlangoni na mbuzi watakwenda malishoni peke yao.

Mbinu hii ni ya zamani. Mwaka 1833 Charles Darwin aliikuta katika nchi ambayo leo ni Uruguay: mtoto wa mbwa akinyonyeshwa na kondoo, akilazwa kwenye sufu ndani ya zizi, kisha akihasiwa. Darwin alishangaa kuona mbwa huyo akija nyumbani kuchukua nyama yake huku akifukuzwa na mbwa wa pale, lakini akilifikia kundi lake anageuka na kubweka, nao wanatimua mbio.

Kisa hicho kinaeleza pia ulinzi wenyewe ulivyo. Mbwa hapigani kila siku. Anakojoa kwenye mipaka, anabweka, anasimama kati ya mbuzi na kichaka. Duma akiumia mguu hawindi, na asipowinda anakufa njaa, hivyo hupiga hesabu na kuondoka. Chui na nyani ni habari nyingine. Hapo mbwa anaweza kujeruhiwa vibaya.

Mahali panapowashinda wengi ni kati ya mwezi wa 5 na mwaka mmoja. Mbwa ana mwili wa mtu mzima na akili ya mtoto: anawakimbiza watoto wa mbuzi, anawatafuna masikio, na mchezo huo huo unaweza kuua. Mfugaji mwenye haraka humpiga au humrudisha. Mwenye subira humkemea palepale, humweka na mbuzi wakubwa wenye pembe wamtie adabu, au humning'inizia kijiti kwenye mkanda wa shingoni kimgonge magoti kila anapotaka kukimbia. Kuhasi pia husaidia, maana dume linalofuata majike ya kijijini halipo kazini.

Halafu kuna chakula, ambacho watu hukiongelea kwa sauti ndogo. Mbwa wa kilo 50 akipewa uji wa mahindi pekee atakonda, na mwenye njaa ataliacha kundi akawinde. Ila mtoto wa mbegu kubwa naye hashibishwi kupita kiasi wala kuongezewa kalisiamu kiholela: akikua haraka mno, nyonga na viungo huharibika. Chanjo ya kichaa cha mbwa na ya parvo, dawa ya minyoo, kupe: gharama hizi hazikomi.

Mradi wa wanyama walao nyama wa Ruaha ulileta mbegu hii Tanzania kuijaribu kwa wafugaji wanaopakana na hifadhi. Naelewa mvuto wake, lakini huku kwetu kuna mbung'o waenezao nagana, na mbwa wa kigeni huuonja ugonjwa huo kwa mara ya kwanza. Kwa mfugaji wa kawaida ningetazama Botswana. Huko Cheetah Conservation Botswana wanatumia mbwa wa kienyeji, wadogo zaidi, waliokuzwa zizini kwa utaratibu uleule. Mbwa wa aina hiyo anakula kidogo na amezoea joto na miiba. Pale anapoingia simba kilo zake 20 si kitu, lakini mbwa wa kilo 60 naye hamwezi simba. Hapo linahitajika boma imara na mchungaji aliye macho.