Mkono Unaopogolea Kisiki

Kisiki cha mgunga kilichoachwa katika shamba la uwele, iwe Chamwino au Kongwa mkoani Dodoma, hutoa machipukizi hata ishirini kwa pamoja mvua zinapoanza. Yanasongamana na kunyang'anyana mwanga. Mbuzi wanapita wanakula ncha, kisha mwenye shamba anakuja na jembe kuyafyeka yote ili apande. Mwaka unaofuata yanarudi. Mtu anaweza kuzeeka karibu na kisiki hicho akikiita kichaka tu.

Fundi wa Kisiki Hai, njia ya kuurudisha mti kutoka kwenye kisiki chake, huanza kwa kuchutama. Panga bado liko chini. Kwa mkono mtupu anayatenganisha machipukizi, akitafuta yaliyotokea karibu kabisa na udongo, maana lililoota juu ya kisiki limeshikwa na gome tu na upepo wa kiangazi utaling'oa. Anataka yaliyonyooka, yaliyonenepa, yaliyoachana nafasi. Anabakiza matatu, pengine manne. Hapo ndipo wanaoanza wanaposhindwa: wanaona huruma, wanabakiza kumi, na baada ya mwaka wamepata kichaka kilekile. Panga liwe limenolewa vizuri, na pigo litoke chini kwenda juu, kwa sababu pigo la kushuka huchana gome la shina, na jeraha la namna hiyo hukaribisha wadudu. Kisha anaondoa matawi ya chini ya yale aliyoyachagua, hadi karibu nusu ya urefu wake. Matawi ya miiba hayatupi. Anayazungushia kisiki kuwazuia mbuzi. Mwisho anafunga kitambaa chakavu ili mchunga ng'ombe na mkata kuni wajue kuwa mti huu una mwenyewe. Baada ya hapo kazi ni kurudi, kila miezi michache, kukata machipukizi mapya kabla hayajawanyonya wenzao.

Naiheshimu sana kazi hii. Haihitaji mche, ndoo ya maji wala mkopo. Inahitaji jicho, na uvumilivu wa kurudi.

Dodoma imeijua kwa jina la Kisiki Hai kupitia shirika la LEAD Foundation, likishirikiana na Justdiggit la Uholanzi. Lakini chanzo chake kiko mbali, katika sala ya mtu aliyekuwa ameshindwa. Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alifika Niger na mkewe Liz mwaka 1981 chini ya misheni ya SIM. Alipanda miti, na mingi sana ilikufa. Wanakijiji walimwona kama mwendawazimu, na hakuwa na hoja ya kuwajibu. Mwaka 1983, akivuta tela lililojaa miche, alisimama kupunguza upepo wa matairi ili apite kwenye mchanga. Akatazama pande zote, akaona ukame mtupu. Palepale alimwomba Mungu awasamehe wanadamu kwa kuuharibu uumbaji, na amfumbue macho aone la kufanya. Akaona kichaka. Alikuwa amepita kando ya vichaka kama hivyo siku zote. Alipokisogelea na kuangalia majani, akatambua kwamba ni mti uliokatwa, na mizizi yake ingali hai.

Nimelitafakari tukio hili mara nyingi, na linalonigusa zaidi ni kwamba hakuna kilichoongezwa jangwani siku ile. Haikunyesha mvua. Msaada aliouomba ulikuwa umetangulia kufika, uko chini ya miguu yake miaka yote aliyokuwa akishindwa. Alichopewa ni macho. Wala kushindwa hakukuishia pale: wakulima wachache waliomfuata walichekwa, na miti yao mingine iliibwa. Ilichukua miaka mpaka njia hiyo ikaenea Niger katika eneo linalozidi hekta milioni 5.

Sisi wa nyanda za kati tuliwahi kuonyeshwa nguvu ya mizizi hiyo, tukaielewa vibaya. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta Kongwa kufyeka pori na kulima karanga. Mizizi ilivunja majembe ya mashine, mvua zikagoma, udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa kama saruji. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa, na hasara yake ilikuwa takriban pauni milioni 36. Mzizi uliohesabiwa kuwa adui ndio huu ambao leo mama wa Kongwa anauchutamia na panga moja. Kondoa nako, mifugo ilipoondolewa mwaka 1979 chini ya mradi wa kuhifadhi ardhi wa HADO, makorongo yaliyokuwa mekundu yalirudisha uoto ambao sehemu kubwa yake haikupandwa na mtu.

Ayubu, katika sura ya 14, anautazama mti uliokatwa kwa wivu: wenyewe una tumaini, mwanadamu je? Nadhani Petro ndiye aliyepewa jibu. Kwa mujibu wa Luka, Yesu alimwambia kwamba amekwisha kumwombea imani yake isife, na alimwambia hivyo kabla jogoo hajawika. Hakuombewa asianguke. Aliombewa kibaki kitu chini, na akapewa kazi ya kuwaimarisha ndugu zake atakapogeuka. Mkristo aliyeanguka mara nyingi hudhani lazima apande imani upya kutoka kwenye mbegu, kwa juhudi zake, na inamfia kama miche ya Rinaudo. Mimi naamini anayemshika hakuwahi kumwachia, na kwamba kukatwa anakokusikia, kile kiburi na yale maneno mengi ya kuahidi, ni kazi ya mkono unaojua chipukizi lipi la kubakiza.

Uwele ukikauka kabla ya kubeba, kama unavyokauka hapa miaka mingi, mkulima hana cha kuvuna mwezi wa sita. Kiangazi hicho ndicho kizuri cha kupogolea: miti imepumzika, majani machache, shina linaonekana hadi chini, na mikono haina kazi nyingine shambani.